DAMU IPIMWE, LAKINI ORODHA ISIENDE KWA TAJIRI

Ndugu wanachama,

Mimi ni mfanya kazi wa reli, kwetu ni Mautuma katika Lugari, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Mkiona nimekosea neno la kidaktari nisahihisheni. Mkiona nimekosea jambo lenyewe, njoni tubishane mkutanoni.

Katika mkutano wa tawi uliopita lilitolewa azimio kwamba mwanachama yeyote asikubali kutolewa damu kazini kwa ajili ya kupimwa mafuta ya damu, yaani hiyo wanayoiita kolesteroli. Mikono iliyoinuka kukubali ilikuwa mingi kama mahindi ya Lugari mwezi wa saba. Mwenyekiti akauliza wanaopinga. Nikainua wangu peke yangu, na kicheko kikasikika mpaka nje. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo tajiri amemnunulia chai." Wakati ulikuwa umekwisha, azimio likaahirishwa, litarudi mkutano ujao. Basi kabla halijarudi nataka nikijibu kicheko kile.

Kwanza niseme wazi kwamba hasira ya wenzangu ina haki. Naijua kuliko wengi wao, maana yalinipata mimi. Miaka michache iliyopita, kabla sijaingia kazi hii, nilikuwa kibarua wa kampuni moja ya kandarasi ya kutengeneza njia. Jina lake sitaliandika, gazeti letu halina pesa ya wakili. Asubuhi moja likaja gari jeupe, tukaambiwa leo ni siku ya afya. Tukapewa fulana na soda, tukapangwa mstari, tukachomwa kidole mmoja mmoja. Hatukuulizwa kama tunakubali. Hatukuambiwa wanatafuta nini. Baada ya wiki moja nyapara akasimama mbele ya stoo na karatasi, akasoma majina kwa sauti: fulani mafuta mengi, fulani mafuta mengi sana, na watu wakacheka, wakamwita mzee mmoja "Kasuku" kwa jina la mafuta ya kupikia. Jina langu lilisomwa na namba 6.8. Sikuambiwa hiyo 6.8 ni kilo, ni shilingi, au ni maili. Mkataba ulipokwisha, sisi tuliosomwa siku ile hatukuitwa tena, hata mmoja. Sababu hatukupewa. Karatasi yenyewe sijaishika mkononi mpaka leo.

Kwa hiyo msinifundishe uchungu wa jambo hili. Lakini kosa la tajiri yule halikuwa kupima. Kosa lake lilikuwa yale aliyoyafanya baada ya kupima. Tukikataa kipimo tunampiga aliyebeba taa na kumwacha mwizi aende zake.

Ninyi ni watu wa reli, nitasema kwa lugha ya reli. Wazee wetu wanamkumbuka mtu aliyepita kando ya gari na nyundo yenye mpini mrefu akigonga magurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Hakungoja gurudumu livunjike katikati ya daraja. Aligonga yale ambayo kwa macho yalikuwa mazima kabisa. Hivyo ndivyo kipimo cha mafuta ya damu kilivyo, maana mafuta yakizidi katika damu mtu hasikii lolote. Haumwi kichwa, hatokwi jasho, anakula, anabeba taruma, anacheza mpira na watoto. Mafuta yanajishika polepole ndani ya mishipa kama ukoko ulivyokuwa ukijishika ndani ya mabomba ya boila, mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo, mpaka siku damu inapogandia pale penye ukoko, na moyo au ubongo unakosa damu.

Sasa nauliza. Yule mwenye nyundo alipopata gurudumu bovu, behewa lilifanywaje? Lilitiwa alama, likakatwa kwenye gari, likapelekwa karakana, likawekewa gurudumu jingine, likarudi kazini. Hakuna aliyelisukuma bondeni. Sisi vibarua wa kandarasi ile tulisukumwa bondeni. Behewa lilipata heshima kuliko mtu, na hapo ndipo ugomvi wetu unapotakiwa kuwa. Si kwenye nyundo.

Niseme kwa ufupi kinachopimwa, maana nimeona wengi wanapigana na kitu wasichokijua. Kolesteroli si sumu, mwili wenyewe unaitengeneza na unaihitaji. Inasafiri katika damu ndani ya vifurushi. Kuna vifurushi vinavyoitwa LDL, vikizidi ndivyo vinavyojenga ukoko. Kuna HDL, ambavyo husaidia kuurudisha mzigo kwenye ini. Kuna tena mafuta mengine yanaitwa trigliseridi, haya hupanda upesi baada ya chakula na pombe. Mtaalamu hutazama vyote, lakini hatazami hivyo peke yake. Hutazama na umri, presha, sukari, na kama mtu anavuta sigara. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa majedwali mapya ya kuhesabu hatari ya mtu kwa miaka kumi ijayo kwa kuviweka vyote hivyo pamoja. Ndiyo kusema yule nyapara aliyesoma namba moja tu na kuitumia kumwondoa mtu kazini alikuwa mkatili, na juu ya ukatili alikuwa mjinga.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Nilipopata pesa kidogo nilikwenda Eldoret kwa gharama yangu nikapimwa upya. Ikawa 6.1, si 6.8, maana kipimo kimoja hupanda na kushuka. Daktari akanipima presha, ikawa nzuri. Sukari nzuri. Sigara sivuti. Akasema nina miaka 36, vidonge bado, badili mafuta ya kupikia, punguza chapati na vya kukaanga, rudi baada ya miezi sita. Nikarudi, ikawa 5.6. Ninafanya kazi, nanyanyua, natembea njia maili nyingi. Mtu yule aliyefaa kutupwa bado yupo anawaandikia.

Sasa nije kwa wale wanaosema huu ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu na Wahindi, kwamba mtu wa gengi anayekula ugali na sukuma wiki hauwezi kumpata. Neno hili lina asili yake, halikutoka hewani. Mwaka 1959 madaktari wa Kampala, Shaper na Jones, walichapisha hesabu ya damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waafrika wakaonekana kolesteroli yao iko chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa karibu haupo. Waasia walikuwa nayo juu na walikuwa wanakufa kwa moyo. Miaka ya 1960 wakapimwa Wasamburu hapa Kenya na Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, nao mafuta ya damu yakaonekana chini. Watu wakaweka moyoni kwamba Mwafrika ana kinga.

Kinga hiyo haikuwa katika rangi. Ilikuwa katika maisha. Mwaka 1969 Shaper huyo huyo na wenzake walitoa habari za vijana wa wafugaji walioingia jeshi la Kenya. Walipokula posho ya kambi, uzito wao ulipanda na presha yao ikapanda. Katika miaka ya 1980 walifuatwa watu waliotoka vijijini upande wetu huu wa magharibi, Wajaluo, kwenda kutafuta kazi Nairobi, na kabla mwaka haujaisha presha yao ilikuwa imewapita wale waliobaki nyumbani. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni chumvi, chakula, uzito, na namna ya kuishi kwa mtu wa mshahara. Na sisi ni nani kama si watu wa mshahara? Tazama tunavyokula njiani: chai ya maziwa na mandazi asubuhi, chapati kwa supu mchana, viazi vya kukaanga jioni, na mafuta yaliyochemshwa mara ngapi Mungu ndiye ajuaye. Mafuta ya kuganda tunayoyapenda yanatokana na mawese, na karibu nusu ya mawese ni yale mafuta mazito yanayopandisha LDL. Mama zetu Mautuma walipika mrenda bila hayo. Siku hizi hata mrenda unakaangwa.

Wapo watakaosema kazi ngumu inatulinda. Hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo nzuri ni yetu sisi wa usafiri. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Kampuni moja, mshahara karibu mmoja, mtaa mmoja. Madereva wanaokaa kutwa walipatwa na moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi siku nzima. Dereva wa gari moshi, ndugu yangu, wewe ni yule dereva wa basi. Na karani wa stesheni vilevile. Lakini wewe wa gengi usicheke bado. Huko Finland, katika jimbo la Karelia ya Kaskazini, kulikuwa na wakata miti na wakulima wenye mikono kama chuma, na ndio waliokuwa wakifa kwa moyo kuliko karibu watu wote wa dunia, kwa ajili ya siagi, maziwa ya mafuta mengi, chumvi na sigara. Kuanzia mwaka 1972 wakapimwa, wakafundishwa kijiji kwa kijiji, vyama vya akina mama vikabadili mapishi. Katika miaka kama arobaini vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya 80 katika kila 100. Shoka halikuwaponya. Kilichowaponya ni kujua na kubadilika.

Hapa kwetu hatujui. Serikali ilifanya uchunguzi mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 mpaka 69 nchi nzima. Zaidi ya 95 katika kila 100 walikuwa hawajapimwa mafuta ya damu hata siku moja, na waliopimwa katika uchunguzi huo, kama mmoja katika kila kumi alikuwa nayo juu. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa vijijini walipewa mikoba, na tunawaona Mautuma wakipita nyumba kwa nyumba, jambo jema sana. Mkobani mna kipimo cha presha na cha sukari. Cha mafuta ya damu hamna.

Sasa nitasema jambo ambalo sikutaka kuliandika, lakini kicheko kile kimenilazimisha.

Nilikuwa na rafiki wa gengi, jirani yangu wa nyumbani. Mtu mwembamba, si mlevi, si mvutaji. Nyuma ya vifundo vya miguu, pale penye mshipa mnene wa kisigino, alikuwa na uvimbe mgumu tangu ujana, tukamtania kwamba ni alama ya viatu vya kampuni. Kaka yake mkubwa alianguka shambani akipalilia, miaka 43. Kaka wa pili alifia safarini, miaka 39. Watu wakasema ni mkono wa mtu. Wakamtaja mke mdogo wa baba yao, mama mpole aliyewalea wote, na mama yule akahama akarudi kwao usiku, akiacha kuku wake na jembe lake. Ekari moja ya shamba la settlement, lile babu yao alilolipia deni la Serikali, ikauzwa kwa ajili ya waganga. Kisha rafiki yangu naye akashikwa na kifua akiwa njiani, tukamweka kwenye toroli, akafa kabla hatujafika barabarani. Alikuwa na miaka 41.

Baadaye nilimsimulia daktari wa Eldoret habari hizi. Aliniuliza jambo moja tu: "Visigino vyake vilikuwaje?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba kuna watu wanaozaliwa na mwili usioweza kuondoa LDL katika damu, kama mmoja katika kila watu 250 au 300 duniani, hata awe mwembamba, hata ale majani. Mafuta hujikusanya mpaka kwenye mishipa ya visigino. Mzazi mwenye hali hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi hilo linavyotokea. Na dawa ipo. Inaitwa statini, ya kwanza ilipatikana Japani na Akira Endo katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2007 iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Ni kidonge cha kila siku, na siku hizi kinatengenezwa na viwanda vingi bila jina kubwa.

Rafiki yangu aliacha watoto wanne. Nilikwenda kwa mjane na maneno haya. Alikuwa ameambiwa mengi na watu wengi, hakunikaribisha vizuri, na simlaumu. Mara ya tatu alikubali. Wawili wa watoto wale LDL yao iko juu sana, mmoja ana miaka 12. Wanatibiwa. Na yule mama aliyefukuzwa kwa uchawi bado yuko kwao.

Huyo anayesema tusipimwe aje Mautuma aniambie hilo penye makaburi yale matatu.

Basi tudai nini? Tajiri anapenda kututolea methali ya mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini sisi hatumfichi kifo, tunamficha tajiri asitufukuze. Aondoe hofu hiyo kwanza, ndipo atuletee methali. Na hofu hiyo sheria imekwisha kuiondoa, kama tukiitumia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya mwili wake kutoweza kazi lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale pale. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa siri nzito, si karatasi ya kusomwa mbele ya stoo. Laiti ningalijua haya siku ile ya fulana na soda.

Kwa hiyo kipimo kije, lakini kije kwa masharti ya chama. Kila mtu aulizwe na akubali kwa hiari yake. Karatasi apewe mwenye damu, na tajiri apewe hesabu ya jumla tu, kwamba wamepimwa watu mia na kumi wanahitaji matibabu, bila jina. Presha na sukari vipimwe siku hiyo hiyo, maana kolesteroli peke yake ni nusu ya hadithi. Atakayeonekana juu apimwe tena kabla ya kuambiwa lolote zito. Na kabla gari jeupe halijaingia lango, tuonyeshwe kwa maandishi ni wapi mgonjwa atapelekwa na nani atalipa dawa, si ya mwezi mmoja, ya miaka. Haya si madai ya wakorofi. Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani kanuni za kuchunguza magonjwa, na moja ya kwanza kabisa ni kwamba anayegunduliwa awe na matibabu yanayokubalika. Kumpima mtu na kumwacha ni kumwongezea mzigo wa usingizi.

Pesa iko wapi? Tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara wetu wote kwa bima mpya ya afya ya SHA. Ile ya zamani ya NHIF ilikuwa na kikomo, shilingi 1,700. Hii haina. Viongozi wetu wa juu wanapokaa na Serikali na matajiri, wadai kipimo cha mafuta ya damu na dawa zake ziandikwe waziwazi katika yale tunayoyalipia, na zipatikane karibu, Mautuma na Turbo na Webuye, sio mtu apoteze siku mbili za kazi kufuata kidonge.

Ziko kazi, sitakataa, ambazo abiria na wenzetu wana haki ya kujua dereva ni mzima. Dereva mwenye kuumwa kifua asikae kwenye usukani wa treni hata dakika moja. Lakini mafuta ya damu si kifafa. Namba ile inazungumza habari za miaka kumi ijayo, haimwangushi mtu leo. Anayetaka kuitumia kumshusha dereva kwenye injini mwezi huu anatafuta njia ya kupunguza watu, na hapo mtanikuta mstari wa mbele pamoja na ninyi.

Neno la mwisho ni kwa baadhi ya wakubwa wa tawi letu, waliopiga kelele sana za kukataa. Wawili kati yenu mmekwisha pimwa, tena kwenye hospitali nzuri za kulipia, na mmoja anabeba vidonge vyake katika mfuko wa koti. Sitataja jina, siri ya mwili wa mtu ni yake, ndivyo nilivyosema hapo juu na nitalishika neno langu. Lakini msiwazuie watu wa gengi mlango ambao ninyi wenyewe mmepitia.

Azimio litakaporudi nitaleta la kwangu, lenye masharti hayo niliyoyaandika. Ninahitaji mwanachama mmoja wa kuliunga mkono ili lijadiliwe. Aliye tayari anikute kabla ya mkutano, nitakuwa pale karibu na mlango.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia, Mautuma.